Foleni ya Wenyeji Halisi

Palikuwa na nchi, na bado ipo, maana nchi haiondoki. Wanaoondoka ni watu, tena wakipewa kibali. Jina lake sitalitaja. Si kwa woga, la hasha, ila mwenye nchi aliagiza jina hilo litamkwe kwa kusimama, na mimi hapa nilipo nimekaa, goti linaniuma.

Nchi hiyo ilikuwa na vivutio tisini na tisa. Vya asili vilikuwa vinne: maporomoko, pango, ziwa, na mlima ambao siku za mawingu huhesabiwa nusu. Vilivyobaki vilitengenezwa na serikali yenyewe ili taifa lisiaibike. Palikuwa na Sanamu ya Mheshimiwa Akiwaza, na ng'ambo ya barabara Sanamu ya Mheshimiwa Amemaliza Kuwaza. Palikuwa na Makumbusho ya Mikasi, yenye kila mkasi uliowahi kukata utepe, hata ule uliozindua choo cha soko. Na sheria ilisema wazi: mgeni akiingia, avione vyote tisini na tisa kwa siku saba, na kila kimoja apigiwe mhuri. Ndiyo maana wageni wa nchi hiyo walionekana wakikimbia muda wote, na wenyeji wakaamini kuwa huko kwa wageni hakuna viti.

Ng'ambo ya daraja, upande wa pili wa mpaka, aliishi Mwalimu Sikudhani Mbaruku. Alifundisha jiografia miaka thelathini na nne bila kulivuka daraja hilo hata mara moja. Urefu wa maporomoko ya jirani aliujua kwa mita na kwa futi. Alipostaafu alikaa akafikiri, akagundua jambo lililomtia haya: hakujua watu wa kule hunywa nini asubuhi.

"Nakwenda siku kumi," akamwambia bintiye, Tausi.

Tausi alikuwa aolewe Jumamosi, siku kumi na mbili mbele. Harusi hiyo ilishaahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu mama mtu alikuwa anasahihisha mitihani ya taifa, mara ya pili kwa msiba wa upande wa bwana. Safari hii mashangazi wenyewe ndio waliomsihi Mwalimu asafiri, maana kila walipopanga jambo yeye alilisahihisha kwa wino mwekundu. Orodha ya vyakula aliipa arobaini na mbili kwa mia, akaandika pembeni: *Mchele hautoshi. Rudieni.*

"Nenda mama, upumzike," Tausi akasema. "Lakini nakwambia mbele ya mashangazi wote, usipokuwepo Jumamosi, siolewi. Na mwenzangu kashasema, ikiahirishwa mara ya tatu na yeye anajiahirisha."

"Haki ya Mungu nitakuwepo," Mwalimu akaapa. Akabeba mkoba mmoja, kanga mbili, daftari na kalamu yake nyekundu, akavuka daraja siku ya Jumatatu.

*

Mpakani alipokewa na Afisa Tumsifu, kijana nadhifu mwenye fomu ya kurasa tisa.

"Karibu sana, mama. Tembea uone! Utaanza na kivutio namba ngapi?"

"Ahsante, mwanangu. Hakuna."

"Hakuna ni namba ngapi?"

"Nasema sitaki kutazama kitu. Maporomoko yenu nimeyafundisha mpaka yamenichosha. Nataka nikae. Nipate chumba, nisalimiane na watu, ninunue mchicha, nijue nani kagombana na nani. Nikae kama mwenyeji, basi."

Afisa Tumsifu akaiweka kalamu chini. Aligeuza fomu mbele na nyuma, hakuona mahali pa kuandika jambo hilo. Akampigia simu mkubwa wake, mkubwa akampigia mkubwa wake, na yule akaamsha mtu wizarani, japo ilikuwa saa tano asubuhi. Baada ya saa tatu jibu likaja, limetiwa saini na Waziri wa Vivutio mwenyewe. Likasomwa kwa kusimama:

"Kwa kuwa tangu tupate uhuru hakuna mwenyeji hata mmoja aliyewahi kwenda kutazama kivutio chochote; na kwa kuwa mhusika naye hataki kutazama chochote; basi ni dhahiri kwamba mhusika ni mwenyeji. Anayetazama ni mtalii. Asiyetazama ni mwenyeji. Serikali haina aina ya tatu."

Mhuri ukagongwa kwenye pasi, pwaa! MWENYEJI. Mwalimu akapewa na nakala ya tamko, akaikunja ndani ya daftari kwa furaha. Ukutani, nyuma ya Afisa, palikuwa na tangazo: MTALII ATAKAYEZIDISHA SIKU SABA ATARUDISHWA KWAO SIKU HIYO HIYO KWA GARI LA SERIKALI. Mwalimu alilisoma, maana alikuwa hawezi kupita maandishi bila kuyasoma, akaona halimhusu.

*

Alipanga chumba kwa Bi Tatu Kirobo, mjane mwenye mdomo mrefu na roho nyeupe. Siku mbili alikula, akalala, akapewa kiti chenye mto. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nchi ile majembe yalikwisha zamani, kwa hiyo siku ya tatu walitoa jiwe.

"Hili lilikuwa la marehemu Bi Hidaya," Bi Tatu akasema, akimkabidhi jiwe jeusi, kubwa kama mkate wa boflo. "Alitutoka mwaka juzi, lakini nafasi yake tumeitunza. Twende, shoga yangu. Mwenyeji asiye na foleni ni mzururaji tu."

Wakaenda kwenye foleni. Ilikuwa na watu mia tatu na kumi na mmoja, na Mwalimu akatimiza mia tatu na kumi na wawili. Kila mtu aliweka jiwe lake mguuni, ili akienda haja au akienda kuzika, jiwe lishike zamu. Kila asubuhi walijipanga mbele ya jengo la serikali lenye dirisha moja la mbao, limefungwa.

"Foleni ya nini?" Mwalimu akauliza.

Ah, hapo kila mtu na lake. Wengi walisema ni ya sukari. Wengine walisema vitambulisho. Mzee mmoja wa nyuma kabisa alishikilia kwamba ni ya kumpa mkono Gavana wa Kikoloni, na kila siku alikuja amefunga tai.

Wa kwanza kabisa alikuwa Mzee Mfaume, fundi saa, aliyeirithi nafasi hiyo kwa baba yake. Miaka kumi na tisa alikuwa anatazamana na mbao za dirisha. Wa pili ndiye Mwalimu, kwa jiwe la marehemu. Wa tatu Bi Tatu. Hakukuwa na kusogea, isipokuwa mtu akifa.

Na maisha ya watu yalikuwa humo. Uji ulianzia mbele ukapitishwa nyuma kwa vikombe, na mihogo ikaanzia nyuma ikaja mbele. Watoto walichumbiwa foleni, ugomvi uliamuliwa foleni. Mwalimu alipoonja uji akafumba macho.

"Pilipili manga!" akasema. "Wanatia pilipili manga!" Akatoa daftari, akaandika, akapiga mistari miwili chini yake. Moyo wake ulijaa. Miaka thelathini na nne alikuwa anafundisha watoto mambo ya nchi hii, na hili hakuna kitabu kilichomwambia.

"Leo chumvi imezidi," Mzee Mfaume akalalamika, uso kwenye mbao.

"Imezidi mdomoni mwako," Bi Tatu akamjibu kutoka nyuma. "Miaka yote hiyo chumvi imezidi, na kikombe kinarudi kitupu!"

Hawa wawili walibishana hivyo kila siku ya Mungu, na hawajawahi kuonana. Msishangae. Foleni yenyewe ilikuwa kivutio namba sabini na saba, kwa jina la Foleni ya Wenyeji Halisi. Saa nne kila asubuhi watalii waliletwa mbio, wakaipiga picha, wakagongewa mhuri, wakaondolewa mbio. Kwa hiyo palikuwa na Mkaguzi wa Foleni, mwenye filimbi, na kazi yake ilikuwa moja.

"Wenyeji, mbele tazama! Hakuna kugeuka!"

Maana mwenyeji akigeuka nyuma ataiona foleni, akiiona atakuwa ametazama kivutio, na anayetazama ni nani? Mnajua. Jioni foleni ilivunjwa kuanzia nyuma, wakaondoka mmoja mmoja, ili mtu asimwone mwenzake hata kwa bahati mbaya. Mzee Mfaume alimjua Bi Tatu kwa sauti, na Bi Tatu alimjua Mzee Mfaume kwa kisogo.

Siku moja mtalii mmoja, jasho linamtiririka, alimkimbilia Mwalimu.

"Samahani mama, hii ni nchi gani?"

"Umefika kivutio cha ngapi?"

"Cha sabini na saba."

"Basi usihangaike, mwanangu," Mwalimu akamwambia. "Unakaribia kuimaliza."

*

Siku kumi zilipotimia, Jumatano, Mwalimu aliwaaga, akabeba mkoba, akaenda darajani.

"Kibali cha kutoka, mama," Afisa Tumsifu akasema.

"Kibali cha nini? Narudi kwetu. Si pale? Naliona paa la shule yangu."

"Usitazame, mama," Afisa akamwambia kwa huruma. "Utajiharibia. Wewe ni mwenyeji, mhuri huu hapa. Mwenyeji anayekwenda nje anahitaji kibali kutoka Dirisha Namba Nne, na mihuri ya vivutio vyote tisini na tisa. Huwezi kwenda kutazama nchi za watu wakati ya kwako hujaimaliza."

"Haya. Nikavitazame leo leo."

"Haiwezekani. Anayetazama ni mtalii. Mwenyeji haruhusiwi."

Mwalimu akamwangalia kwa jicho lile alilokuwa akiwaangalia nalo watoto waliochora ikweta wima.

"Sasa niambie, mwanangu. Wenyeji wa nchi hii wanatokaje?"

Afisa Tumsifu alifikiri kwa dhati. Alikuwa kijana mkweli. "Swali hilo halijawahi kuulizwa," akasema. "Kutoka, waende wapi?"

Mwalimu akarudi njia nzima akilia. Alilia kwa hasira na alilia kwa uchungu, maana alimwona Tausi wake na hina mikononi, anatazama mlangoni, na mashangazi wakinong'ona. Jumamosi ilikuwa mtondo, siku tatu tu mbele. Alikuja kukaa kama mwenyeji, na sasa ameupata uenyeji wote, pamoja na sehemu ambayo hakuna mtu anayeiomba.

Alipofika foleni, jiwe lake lilikuwa limemngoja.

"Mzee wangu," akamuuliza Mzee Mfaume huku akipangusa machozi, "Dirisha Namba Nne liko wapi?"

Mzee Mfaume akajiinamisha, akapuliza vumbi kwenye mbao. Ikajitokeza namba iliyochorwa kwa rangi nyeupe, imefifia.

"Ndilo hili," akasema. "La nini?"

"La vibali vya kutoka nchini."

Habari ikapita mdomo kwa mdomo kuelekea nyuma, na kila ilipopita watu waliacha kutafuna. Mzee wa Gavana akailegeza tai.

"Kumbe tunangoja kutoka," Bi Tatu akasema polepole.

"Baba yangu alifia hapa," Mzee Mfaume akasema, "akidhani ni sukari."

*

Alhamisi Mwalimu alisimama foleni. Alikuwa ameitoa ile nakala ya tamko la Waziri, anaisahihisha. Alizungushia neno hapa, akapiga mkwaju pale. Ilipofika saa nane mchana akacheka peke yake.

"Mia kwa mia," akasema. "Mtoto kajibu vizuri bila kujua."

"Nani?" Bi Tatu akauliza.

"Waziri. Kesho saa nne nageuka nyuma."

"Weee! Utakamatwa!"

"Ndiyo nataka. Nikigeuka nimetazama. Nikitazama mimi mtalii. Na mtalii aliyezidisha siku saba anarudishwa kwao siku hiyo hiyo, kwa gari la serikali. Nimelisoma ukutani kwa macho yangu." Kisha akapunguza sauti. "Nanyi geukeni. Mje harusini kwa mwanangu, Jumamosi, nyumba ya bati jekundu nyuma ya shule."

Kikombe cha uji kilipita, kikarudi.

"Tungekuja, Mwalimu," Mzee Mfaume akasema mwishowe. "Lakini foleni tutamwachia nani?"

Mwalimu akaikunja nakala, akairudisha ndani ya daftari.

Ijumaa saa nne watalii wakaja mbio. Filimbi ikalia, Mkaguzi akapiga kelele yake ya kila siku, na Mwalimu Sikudhani akageuka. Aliwaona. Aliwaona watu wote, nyuso mia tatu na ushee, mmoja nyuma ya mwingine mpaka kwenye kona, wana vikombe mikononi, wengine wamefumba macho kwa woga wasije wakamwona akiwaona. Hakuwahi kutazama kitu kizuri namna ile, na akasema hivyo kwa sauti.

"Wewe mama! Unafanya nini?" Mkaguzi akafoka.

"Natazama kivutio namba sabini na saba. Hongereni, ni kizuri sana."

Kukawa na kukurukakara. Pasi ikaletwa. Siku zikahesabiwa kwa vidole. "Siku kumi na mbili! Mtalii kazidisha siku tano!" Gari la serikali likaja, lina feni mbili, moja inazunguka. Jiwe la Bi Hidaya alikatazwa kulibeba, kwa kuwa ni mali ya wenyeji. Darajani Afisa Tumsifu alimgongea mhuri huku akisikitika.

"Watalii wa siku hizi," akamwambia. "Mnakuja, mnatazama kitu kimoja, mnaondoka. Nchi mtaijuaje?"

*

Jumamosi Tausi aliolewa, mama yake yupo, amekaa mbele kabisa kwenye mkeka, amelia mpaka kanga imelowa. Alipoulizwa maporomoko yakoje, alisema hayajui. Alipoulizwa uji, alizungumza nusu saa.

Kwenye saa saba, pilau inataka kupakuliwa, uwanja ukatetemeka. Malori manne ya serikali ya ng'ambo yalikuwa yanashuka mtaani. La mbele lilimbeba Afisa Tumsifu, tai imekwenda upande, mikono imejaa fomu.

"Mama," akasema, karibu kulia, "wamegeuka. Leo saa nne kamili, foleni nzima kwa pamoja. Wametazama. Mkaguzi kapuliza filimbi mpaka kazimia. Mzee Mfaume huyu kazidisha miaka sabini na moja, ukitoa siku saba! Nami nimewauliza kwao wapi nikawarudishe, wote wametaja nyumba ya bati jekundu."

Bi Tatu alikuwa ameshateremka. Mwalimu akamkimbilia, wakakumbatiana.

"Na foleni je? Mmemwachia nani?"

"Tumwachie nani tena? Tumekuja nayo."

Na kweli, kila aliyeshuka alikuwa na jiwe lake kifuani. Bi Tatu alibeba mawili. "Umesahau lako, shoga," akasema, akampa lile jeusi. Kisha watu mia tatu na kumi na mmoja wakajipanga kimya kimya, bila kuambiwa, kuelekea lilipo sufuria la pilau. Mashangazi wakashika vichwa, halafu wakakumbuka kuwa kwa hasira ya ile arobaini na mbili walikuwa wameununua mchele mara tatu. Wakatazamana, wakamtazama Mwalimu, wakaona bora wanyamaze.

Upande wa pili wa mpaka, redio ya taifa ilikuwa inatangaza ushindi: kwa siku moja, vivutio vya nchi vimepokea watalii wazalendo mia tatu na kumi na mmoja, jambo lisilowahi kutokea, na Waziri wa Vivutio amevishwa nishani. Tangazo dogo lilifuata. Zilitangazwa nafasi za wenyeji halisi, waombaji wawe na uzoefu wa miaka kumi.

Tausi alimwita mama yake aje ale mezani na maharusi. Mwalimu akatikisa kichwa, akaliweka jiwe lake katikati ya Mzee Mfaume na Bi Tatu, akasimama kwenye zamu yake. Mwisho wa foleni Afisa Tumsifu alizunguka zunguka, akaokota jiwe njiani, naye akajipanga.

Mbele, Mzee Mfaume alisimama mbele ya sufuria ameganda. Shangazi alikuwa amefunua mfuniko na anamnyooshea sahani.

"Limefunguliwa," Mzee akanong'ona. "Mwalimu, limefunguliwa. Fomu najaza wapi?"

"Hakuna fomu, mzee wangu. Pokea ule."

Akapokea kwa mikono miwili. Akala tonge moja, akatafuna muda mrefu, machozi yanamtoka. Kisha akageuka nyuma, na hakuna mtu aliyempulizia filimbi, akamtazama Bi Tatu usoni.

"Chumvi," akasema, "leo haikuzidi."